NATO Ni Nini na Nani Hulipa Bili? Rada Yote Iko Hapa

Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Washington, Joe Biden alitangaza kwamba Kenya itakuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Tangu siku hiyo kuna wasee wanaamini tumeingia NATO na hakuna nchi itatuguza. Wengine nao wanaogopa vijana wetu watapelekwa vita vya watu huko Ulaya.

Wote wamepotea njia. Tulia hapa dakika tano uchanuke.

NATO ilianza aje?

NATO ni muungano wa kijeshi. Ulianza tarehe 4 Aprili 1949, nchi 12 zilipotia saini mkataba jijini Washington: Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Italia, Ureno, Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Denmark, Norwe na Iceland. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha miaka minne tu nyuma. Ulaya ilikuwa imechapwa vibaya, na Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeshikilia upande wa mashariki. Hizo nchi zikaona ni heri ziungane, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1955 Wasovieti nao wakaunda mbogi yao, Mkataba wa Warsaw. Hiyo ilikufa 1991. NATO haikufa. Iliendelea kuongeza wanachama, na leo ni nchi 32. Wa mwisho kuingia ni Finland, Aprili 2023, na Sweden, Machi 2024. Hawa wawili walikuwa wamekaa pembeni miaka mingi. Kilichowasukuma ni Urusi kuvamia Ukraine Februari 2022.

Makao makuu yako Brussels, Ubelgiji. Katibu Mkuu ni Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uholanzi. Mkubwa wa kijeshi upande wa Ulaya huwa ni afisa wa jeshi la Marekani siku zote.

Kazi yake ni gani hasa?

Kazi ya kwanza iko kwa Kifungu cha 5 cha mkataba: ukishambulia mmoja, umeshambulia wote. Lakini soma vizuri hapo. Kifungu hakisemi kila nchi lazima itume wanajeshi. Kinasema kila mwanachama atasaidia kwa njia anayoona inafaa. Mwingine anaweza kutuma ndege za kivita, mwingine atume dawa na mahema.

Kifungu hicho kimetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Yaani Marekani, mwenye misuli kuliko wote, ndiye pekee aliyewahi kusimamiwa na wenzake.

Pia kuna mipaka ya ramani. Ulinzi huu ni wa Ulaya, Amerika Kaskazini na visiwa vya Atlantiki ya kaskazini. Ndiyo maana Argentina ilipovamia visiwa vya Falkland mwaka 1982, Uingereza ilipigana bila Kifungu cha 5. Visiwa hivyo viko kusini sana.

Kitu kingine: NATO haipigi kura. Lazima wote wakubaliane, akikataa mmoja stori imeisha. Muulize Sweden. Iliomba kuingia Mei 2022, ikazungushwa na Uturuki na Hungary karibu miaka miwili.

Sasa tuongee doh

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wengi hudhani NATO ni kama chama, kila mwezi unatuma mchango kwa mweka hazina na ukikosa unapigwa faini. Si hivyo.

Fikiria ploti yenye wapangaji 32. Kila mpangaji ananunua kufuli lake na kuweka grili kwa mlango wake. Hiyo ni pesa yake, haipiti kwa mikono ya mtu mwingine. Halafu wote wanachanga kidogo kumlipa soja wa geti na stima ya nje.

Pesa ya kufuli ndiyo bajeti ya ulinzi ya kila nchi: mishahara ya wanajeshi wake, vifaru vyake, ndege zake. NATO yenyewe haina jeshi kubwa la kwake. Wanajeshi wote ni wa nchi wanachama. Vifaa vinavyomilikiwa kwa pamoja ni vichache, kama zile ndege za rada zilizo Geilenkirchen, Ujerumani.

Pesa ya soja ndiyo mfuko wa pamoja. Huo hulipia makao makuu, kamandi za pamoja, na miundombinu kama viwanja vya ndege na mabomba ya mafuta. Mwaka 2025 mfuko huo ulikuwa kama euro bilioni 4.6. Inaonekana ni nyingi, lakini ukilinganisha na jumla ya pesa ambazo wanachama hutumia kwa ulinzi, ni kama asilimia 0.3. Kwa kila shilingi 1,000, ni shilingi 3 tu zinaingia kwa mfuko wa pamoja.

Mchango wa mfuko huu hupangwa kulingana na ukubwa wa uchumi. Mwaka 2025 Marekani na Ujerumani zilitoa sawa, karibu asilimia 16 kila mmoja. Zamani Marekani ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 22, ikapunguziwa.

Basi kelele za Trump ni za nini?

Ni za pesa ya kufuli. Ukijumlisha bajeti za ulinzi za wanachama wote, Marekani peke yake imekuwa ikibeba karibu theluthi mbili. Hapo ndipo Donald Trump hukasirika. Februari 2024, akiwa kwa kampeni, alisema nchi isiyotoa pesa ya kutosha hataitetea Urusi ikiishambulia.

Mwaka 2014, baada ya Urusi kunyakua Crimea, viongozi wa NATO walikutana Wales wakakubaliana kila nchi ilenge kutumia asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi. Wakati huo ni tatu tu zilikuwa zimefika hapo: Marekani, Uingereza na Ugiriki. Kwa hivyo Trump anaposema mtu ana "deni", ukweli ni kwamba hakuna deni la kulipwa kwa NATO. Kuna wapangaji walioweka kufuli la bei rahisi wakijua jirani ana bunduki.

Juni 2025, kule The Hague, lengo lilipandishwa hadi asilimia 5 kufikia 2035. Asilimia 3.5 ni za jeshi lenyewe, na 1.5 ni za mambo kama barabara, madaraja na usalama wa mitandao. Waziri Mkuu wa Uhispania, Pedro Sánchez, aligoma, akasema asilimia 2.1 inawatosha. Hoja yake haikuwa ngumu kuelewa: pesa ikienda kwa makombora, lazima itoke mahali, na mahali penyewe mara nyingi ni huduma za wananchi.

Na Afrika je?

NATO imefika huku, na kumbukumbu zake hazifanani.

Upande mmoja, kati ya 2009 na 2016 meli zake zilipiga doria baharini karibu na Somalia kupambana na maharamia. Bahari hiyo ndiyo njia ya meli zinazokuja Mombasa. Pia ilisaidia kusafirisha kwa ndege wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliokwenda Somalia.

Upande mwingine kuna Libya. Machi 2011 Umoja wa Mataifa uliruhusu hatua za kuwalinda raia, NATO ikachukua usukani, na ndege zake zikapiga mabomu hadi Oktoba, Muammar Gaddafi alipouawa. Umoja wa Afrika ulikuwa umeomba mazungumzo, haukuskizwa. Libya ikagawanyika, na silaha zake zikasambaa hadi ukanda wa Sahel. Hadi leo, ukitaja NATO kwa Waafrika wengi, hilo ndilo jambo la kwanza wanakumbuka.

Kenya iko wapi kwa hii mambo?

Ile hadhi ilitiwa saini Juni 24, 2024, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuipata. Misri, Tunisia na Morocco ziliipata kitambo. Jina lina neno NATO, lakini aliyeipeana ni Marekani, chini ya sheria ya Marekani. Brussels haikuhusishwa.

Inatupa nini? Inarahisisha kununua silaha na vifaa vya Marekani, kupata vile ambavyo jeshi lao halihitaji tena, kukopa vifaa vya utafiti, na kampuni zetu kuomba tenda fulani za ukarabati.

Haitupi nini? Kifungu cha 5. Kenya ikivamiwa kesho, hakuna nchi ya NATO iliyoahidi kuja. Na sisi pia hatudaiwi mchango wala askari.

Tena hadhi hii huondolewa. Afghanistan iliipewa 2012, na baada ya Taliban kuchukua nchi, ikanyang'anywa 2022. Rais wa Marekani akiamua, analijulisha Bunge lake siku 30 mapema, na imekwisha.

Kwa hivyo mtu akikuambia tuko NATO, mwambie polepole: kufuli la mlango wetu ni KDF, na anayelinunua ni wewe, kila mara ushuru unapokatwa kwa payslip yako.