Jina la Kazi na Jina la Chombo: Funzo kutoka Historia ya Uhuishaji katika Wavuti

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya uhuishaji katika kurasa za wavuti, yaani ufundi wa kuzifanya picha na maandishi yajongee na kumwitikia msomaji. Hatukusudii kufundisha ufundi wenyewe. Tunataka kuonyesha jambo moja linalowahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali: istilahi iliyofungamanishwa na chombo hufa pamoja na chombo hicho, bali ile iliyojengwa juu ya kazi hudumu.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Lugha kadhaa za Ulaya zimelijenga jina la dhana hii juu ya neno la Kilatini anima, lenye maana ya pumzi au roho. Kiswahili nacho kina kitenzi huisha, yaani kutia uhai, ambacho ni ndugu wa hai na uhai. Humo ndimo lilimotoka neno uhuishaji. Neno letu halikuiga sauti za neno la kigeni, bali limelifikia wazo lilelile kwa njia yake lenyewe.

Kurasa za kwanza za wavuti, zilizoanzishwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Geneva, kati ya 1990 na 1991, hazikujongea. Yalikuwamo maandishi na viungo tu. Mjongeo wa awali ulitokana na GIF, muundo wa picha uliotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. Toleo lake la 1989 liliwezesha picha kadhaa za faili moja kuonyeshwa moja baada ya nyingine kwa muda uliopangwa. Hata hivyo, picha hizo zilijongea bila kuitika. Msomaji alibaki mtazamaji.

Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alibuni lugha ya JavaScript kwa muda wa siku kumi hivi. Kwa lugha hiyo ukurasa uliweza kutambua tukio, kwa mfano kubofywa kwa kitufe, na kutenda jambo kwa kuitikia. Lakini ilimlazimu mtu ajue kuandika msimbo, na wasanifu wengi wa kurasa walikuwa wachoraji.

Pengo hilo lilijazwa na chombo kilichotolewa mwaka 1996 na kampuni ya FutureWave kwa jina la FutureSplash Animator. Mmoja wa wabunifu wake alikuwa Jonathan Gay. Muda mfupi baadaye kampuni ya Macromedia iliinunua FutureWave, na jina likafupishwa kuwa Flash. Msanifu aliweka picha mbili juu ya mstari wa muda, tuseme mpira upande wa kushoto na mpira uleule upande wa kulia, na chombo kikazijaza picha zote za katikati. Hiyo ilikuwa desturi ya karakana za katuni: mchoraji mkuu alichora mikao muhimu, na wasaidizi wakachora iliyo kati yake. Aidha, msanifu aliweza kuweka kitufe kinachoitika kipanya kinapokipitia. Basi wasanifu wengi wakazoea kusema kwamba wanatengeneza Flash, ilhali walichotengeneza ni uhuishaji.

Kisha mambo yakageuka. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikukikubali chombo hicho, na mwezi Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alieleza sababu zake katika barua ya wazi. Adobe, iliyokuwa imeinunua Macromedia mwaka 2005, ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaacha kukihudumia. Huduma hiyo ilikoma tarehe 31 Desemba 2020. Kazi nyingi za miaka ile sasa hazifunguki pasipo programu maalumu ya kukiiga chombo kilichokwisha.

Uhuishaji wenyewe haukufa. Tangu mwaka 2007 wahandisi wa kivinjari cha Apple walikuwa wamependekeza uhuishaji uandikwe ndani ya CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa, na rasimu rasmi zikaanza kutolewa mwaka 2009. Leo msanifu huandika mistari michache tu kuamuru rangi ya kitufe ibadilike kwa sekunde 0.3 kipanya kinapokipitia. Hata mpango wa kuweka mikao muhimu na kuiachia mashine ijaze ya kati umebaki vilevile.

Sasa tumfikirie mwalimu aliyeliita somo lake Flashi, au mtumishi aliyeandika katika hati ya zabuni kwamba tovuti ya idara iwe na Flashi. Wa kwanza amebaki na kitabu ambacho kichwa chake hakina maana kwa mwanafunzi. Wa pili ameifunga idara yake kwa bidhaa ya kampuni moja. Lakini aliyeandika uhuishaji hana haja ya kufuta hata neno moja.

Isidhaniwe kwamba tunapinga ukopaji. Neno kompyuta limekopwa, nalo limeenea kuliko ngamizi na tarakilishi, na halina dosari, kwa kuwa linataja aina ya mashine wala si bidhaa ya mtu. Hatari ipo katika kukopa jina la biashara. Katika mazungumzo ya dukani hakuna ubaya mtu akiita kila sabuni ya unga Omo. Katika istilahi ubaya upo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mfasiri, kabla ya kuandika istilahi ya ufundi, ajiulize: je, chombo hiki kikiondoka kesho, neno langu litakuwa na kazi? Kwa kanuni hiyo twaweza kusema picha kuu kwa mikao anayoiweka msanifu, picha za kati kwa zile zinazojazwa na mashine, na uhuishaji mwitikio kwa ule unaojibu tendo la msomaji. Wenye maneno bora zaidi wayalete yapimwe.