Habari za Programu Huria za Ujumbe na Malipo ya Tanzania

Mkulima wa Kichiwa, baina ya Makambako na Njombe, akiuza viazi na kulipwa kwa simu, hapana fedha inayosafiri. Kinachosafiri ni ujumbe: kompyuta moja yaiarifu nyingine kwamba hesabu ya huyu ipungue na ya yule iongezeke. Ujumbe huo ukipotea njiani, mkulima amepoteza viazi vyake. Ukitenda kazi mara mbili, mnunuzi amelipa mara mbili. Yafaa basi tujue mjumbe huyu alitoka wapi, na bwana wake ni nani.

Programu za kupeleka ujumbe baina ya mashine za makampuni ni za zamani kuliko malipo ya simu. Mwaka 1993 IBM ilitoa MQSeries, iliyofanya kazi mfano wa sanduku la posta: mpelekaji huweka ujumbe katika foleni, nao hukaa humo hata mpokeaji awe tayari, ijapokuwa mashine yake imezimika. Jambo hili lilikuwa jema, walakini kila mwuzaji wa programu za namna hii alikuwa na kanuni zake mwenyewe, na mashine zilizonunuliwa kwa mmoja hazikuweza kusemezana kwa urahisi na za mwingine. Mwaka 2003 John O'Hara, wa benki ya JPMorgan Chase huko London, alianza kutunga kanuni za ujumbe zisizo mali ya mwuzaji yeyote. Ziliitwa AMQP. Mwaka 2007 ikatoka RabbitMQ, programu huria iliyozifuata. Huria maana yake maandishi yake ya ndani ni wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyabadili na kuyatumia. Mwaka 2011 LinkedIn ikaifungua Kafka, ambayo tabia yake ni nyingine. Foleni ya RabbitMQ kwa desturi huufuta ujumbe mpokeaji akiisha kukiri. Kafka huuandika daftarini na kuuacha humo kwa muda uliowekwa, kila msomaji akishika mahali alipofikia. Franz Kafka, mwandishi ambaye jina lake limechukuliwa, alisimulia habari za watu waliohangaika mbele ya maofisi yasiyojibu. Kwa mjumbe, naona ni jina la nuksi.

Huku kwetu, M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Kila mtandao ulikuwa kisiwa. Wakala alipanga simu kadhaa mezani, na wateja wengi walikuwa na laini mbili au tatu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilipatana kupokeana fedha. Vodacom ikaingia mwaka 2016. Tanzania ilisifiwa kwa hayo, na kwa haki. Lakini mapatano yalikuwa ya wawili wawili. Mitandao 4 yahitaji viungo 6. Ukiongeza mabenki, wote wakawa 10, viungo vyawa 45. Ndiyo taabu ile ile ya London, imevaa kanzu.

Oktoba 2017 taasisi ya Bill & Melinda Gates ilitoa Mojaloop, programu huria ya kuwakutanisha watoa huduma za fedha mahali pamoja, ambayo ndani yake Kafka ndiyo mchukuzi. Kwanza huulizwa mpokeaji yuko kwa nani. Kisha pande mbili hupatana gharama. Ndipo uhamisho hufanyika. Fedha ya mlipaji hutengwa, wala haihesabiwi kuwa imekwisha lipwa mpaka upande wa pili ukiri. Muda ukipita pasipo jibu, huachiliwa kwa mwenyewe. Kila uhamisho una namba yake, hata ujumbe ukirudiwa usihesabiwe mara mbili.

Benki Kuu ya Tanzania ilipojenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo ulioanza kazi mwaka 2021, wataalamu wake waliichukua Mojaloop kuwa msingi, wakajenga wenyewe. Wenzangu wa lugha hufurahia zaidi lile jina, kwa kuwa nusu yake ni «moja» ya Kiswahili, na nusu ya Kiingereza yenye maana ya kitanzi. Mimi sioni fahari kubwa hapo. Neno lililoazimwa halimpi mwenye lugha mamlaka yoyote. Maandishi yaliyo wazi yalimpa mhandisi wa Dar es Salaam uwezo wa kuyafungua, kuyakosoa na kuyageuza pasipo kumpigia mwuzaji magoti.

Hata hivyo maandishi hayo, pamoja na maelezo yake, ni ya Kiingereza. Mlipaji, mpokeaji, kiasi, muda: yote huandikwa kwa Kiingereza mashine zinapoulizana na kujibizana. Mwisho simu ya mkulima wa Kichiwa yalia, naye asoma kwamba amepokea fedha. Katika ujumbe wote uliopita, huo mmoja ndio wa Kiswahili.