Nyumba ya Ibada ya Brigflatts

Kaskazini mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Sedbergh, kipo kitongoji kiitwacho Brigflatts. Katika karne ya 17 wakazi wake walikuwa wakulima, wafugaji wa kondoo na wafumaji wa kitani. Watu hao wanyonge wametuachia ushuhuda unaotufaa sisi Walutheri kuutafakari.

Mwezi Juni 1652 mhubiri George Fox alifika huko. Jumapili moja, katika kilima cha Firbank, alikataa kuingia katika kanisa dogo lililokuwapo. Akahubiri kwenye mwamba nje, mbele ya watu wapatao 1,000, kwa muda wa saa tatu hivi. Aliwafundisha kwamba Kanisa ni watu, si jengo, na kwamba Kristo mwenyewe ndiye mwalimu wao. Wengi waliamini, na kundi la Marafiki, waitwao pia Quaker, likapata nguvu.

Gharama ilikuja upesi. Walikataa kulipa zaka kwa kanisa la serikali, hivyo mifugo na mali zao zikakamatwa. Walikataa kula kiapo, wakilishika fundisho la Bwana katika Mathayo 5, na sheria ya 1662 ikawaadhibu. Sheria ya 1664 ikakataza zaidi ya watu watano wasio wa nyumba moja kukusanyika kwa ibada isiyo ya kanisa hilo.

Hata hivyo, mwaka 1675 walijenga nyumba ya ibada, miaka 14 kabla ya Sheria ya Uvumilivu ya 1689. Waliijenga kwa mawe, mahali pa kuonekana. Ndani mna mabenchi, hamna madhabahu. Hadi leo, chini ya ngazi, lipo zizi dogo la mbwa, maana wachungaji wa kondoo walikuja ibadani na mbwa wao.

Hatukubaliani nao katika yote. Wao hawabatizi kwa maji wala hawaandai Meza ya Bwana. Sisi twakiri kwamba Mungu hutujia kwa Neno na Sakramenti. Lakini tofauti hiyo isitufumbe macho. Baadaye, mwaka 1897, Marafiki wa Uingereza walianza kazi hata Pemba, kati ya watu waliotoka utumwani.

Wapendwa, sisi twajenga kwa harambee na kuweka wakfu bila hofu. Basi tujiulize: je, anayekuja moja kwa moja kutoka malishoni ana nafasi katika mabenchi yetu? Na je, tungekuja ibadani hata kama kuja kungetugharimu ng'ombe?