Ganzi ya Neva: Istilahi na Muradi Wake

Miongoni mwa istilahi za utabibu zilizotufikia pamoja na goti la bandia, ambalo siku hizi hupandikizwa hata Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, sijaona iliyofasiriwa kwa pupa kama ile inayotaja dawa idungwayo kandokando ya neva ili aliyepasuliwa goti asisikie maumivu. Waingereza wameliita jambo hili kwa neno lao lenye maana ya kuziba njia, na wafasiri wetu wakalichukua kama lilivyo: huyu akasema "kizuizi cha neva", yule akasema "kuziba mshipa wa fahamu". Ibara hizo si za uongo, lakini zina ila, na ila yake humfikia mgonjwa kabla ya sindano.

Tutazame kwanza neno mshipa, ambalo mtu wa pwani hulitumia kwa njia ya damu, na kwa neva, na hata kwa maradhi ya kinena. Akiambiwa kwamba mshipa wake utazibwa, ataiwazia damu iliyoganda na kiharusi, hataiwazia nafuu. Fahamu ni mushkili mkubwa zaidi, kwa kuwa aliyepoteza fahamu kwetu ni aliyezimia, ilhali fadhila ya tiba hii ni kwamba mgonjwa aweza kuwa macho, akizungumza na muuguzi, na goti lililokatwa mfupa na kutiwa chuma lisimwume. Usingizi wa dawa ni jambo jingine kabisa, nao wazee waliuita nusukaputi, neno la mzaha wa kutisha lililounganisha nusu ya Kiarabu na kaputi ya Kijerumani.

Neno lifaalo tunalo tangu kale, nalo ni ganzi. Husemwa ganzi ya meno kwa aliyekula ukwaju au embe bichi, na husemwa mguu umekufa ganzi kwa aliyeukalia muda mrefu. Na kila mwenye lugha anajua, bila ya kufundishwa, kwamba ganzi hushika mahali pamoja minghairi ya kummeza mtu mzima, na kwamba ganzi huisha. Hayo mawili ndiyo hasa daktari wa usingizi ayatakayo mgonjwa ayajue, na kwa sababu hiyo naipendelea "ganzi ya neva" kuliko vizuizi vyote.

Asili ya jambo lenyewe ni mwaka 1884, pale Carl Koller wa Vienna alipobainisha kwamba kokeini hulitia jicho ganzi. Haikupita muda William Halsted, mpasuaji wa New York, akaidunga karibu na neva kubwa, akaona kuwa neva moja ikishikwa, eneo lote linalopata hisia kwa neva hiyo hunyamaza. Naye, kwa kuijaribu dawa mwilini mwake mwenyewe, akawa mraibu. Wasweden ndio waliotupatia dawa zisizo na balaa hilo: lidokeini, iliyoundwa na Nils Löfgren mwaka 1943, kisha bupivakeini mwaka 1957, ambayo hudumu zaidi. Habari ya maumivu hupita nevani kwa umeme unaotokana na chembe za sodiamu kuingia katika vijilango vya utando wake, na dawa hizi huvifunga vijilango hivyo mpaka damu iichukue dawa na kuipeleka mbali. Neva haikatwi wala haiungui.

Lakini tusiseme "ganzi ya goti", kana kwamba goti lina neva moja. Mbele yake huhudumiwa zaidi na neva ya paja, na nyuma yake na matawi ya neva kubwa ipitayo matakoni. Zamani sindano ilipigwa kinenani, na maumivu ya mbele yakatulia vizuri. Ila neva hiyohiyo ndiyo inayoiamuru misuli ya mbele ya paja, basi mgonjwa aliyefurahi kwamba haumwi akasimama, na goti likamkunjikia, akaanguka. Ndipo matabibu wakashuka hadi katikati ya paja, mahali ambapo neva iliyobaki aghalabu ni ya hisia tu, na mguu ukabaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Na kwa maumivu ya nyuma wengine huongeza sindano ya pili. Yote hayo hufanywa kwa kuitazama ncha ya sindano katika altrasaundi, maana dawa nyingi ikiingia ndani ya damu huweza kuleta degedege na kuusimamisha moyo.

Kwa hiyo nawasihi wanaoandika fomu za ridhaa waandike "ganzi ya neva", waitaje na neva yenyewe, na waongeze maneno mawili matatu ambayo istilahi peke yake haiwezi kuyabeba: kwamba ganzi ya sindano moja ya bupivakeini huweza kudumu nusu siku hata siku nzima, kisha maumivu hurudi kwa ghafula, mara nyingi usiku, kwamba vidonge vya maumivu vimezwe kabla ganzi haijaisha, na kwamba mgonjwa asishuke kitandani pasipo mtu wa kumshika, hata akijiona mzima.