Kalamu Iliyozikwa Karamoja

Katika historia ya elimu Afrika Mashariki ni matukio machache yanayostahili kukumbukwa kama lile la wazee wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kuizika kalamu. Masimulizi yanatofautiana kuhusu lini hasa. Wapo wanaosema ilikuwa miaka ya 1930, na wapo wanaolihusisha jambo hilo na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikisaka vijana wa kupeleka jeshini. Kuhusu sababu, wote wanasimulia mamoja. Mtu mwenye kalamu alifika, akaandika majina, na walioandikwa wakachukuliwa. Wapo ambao hawakuonekana tena. Wazee wakakaa kikao, wakailaani kalamu, wakaifukia. Ikabaki ardhini hadi mwaka 1995, wazee wa kizazi kingine walipofanya tambiko la kuifukua.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimesimuliwa huko Kampala na kwingineko kuwa ni ushahidi kwamba Wakaramojong ni watu walioukataa mwanga. Mimi nakisoma vingine kabisa. Wazee wale waliikataa kalamu kwa sababu walikuwa wameshaona kazi yake. Na yaliyotokea tangu ilipofukuliwa yanatufundisha jambo ambalo wizara za elimu za nchi zetu zote zenye wafugaji zingefaa kulizingatia: mtoto wa nchi kame hakimbii elimu. Anachokimbia ni shule inayomtaka aache kwanza kila kinachomlisha.

Malezi ya nchi kame

Karamoja ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 27,000. Inapakana na Kenya upande wa mashariki na Sudan Kusini upande wa kaskazini. Kwa eneo inaizidi Rwanda kidogo, lakini sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilikuta huko watu wasiofika milioni moja, wakati Rwanda ilikuwa na zaidi ya milioni 10. Wanaishi humo Wabokora, Wamatheniko na Wapian, pamoja na Wajie na Wadodoth, na kwenye milima kuna jamii ndogo za Watepeth na Waik. Mvua ni ya msimu mmoja, nayo haina ahadi. Mito hufurika kwa saa chache kisha hubaki mchanga mtupu, na maji huchimbwa humo humo kwenye mchanga.

Watu wamejipanga kufuatana na hali hiyo. Wanawake, wazee na watoto wadogo hukaa kwenye manyata, wakilima mtama unaozizunguka. Vijana huishi na ng'ombe kwenye kambi zinazohamahama, na kiangazi kikikaza husogea magharibi, hadi mipakani mwa nchi ya Wateso na Waacholi, kutafuta majani.

Katika maisha hayo mtoto husoma tangu angali mdogo. Mvulana huanza na mbuzi na ndama karibu na nyumbani, kisha hukabidhiwa ng'ombe. Hufundishwa kumtambua kila mnyama kwa rangi, mabaka na pembe, kiasi kwamba akipotea mmoja kati ya mia atajua ni yupi bila kuhesabu. Husoma nyayo, hujua majani yapi ni dawa na yapi ni sumu, hujua kumtoga ng'ombe mshipa wa shingo ili damu ichanganywe na maziwa bila mnyama kufa. Msichana hujifunza kuchota maji, kusaga mtama, kulea wadogo zake na kujenga nyumba, maana Karamoja nyumba hujengwa na wanawake. Wanaume hukutana chini ya mti kwenye akiriket, baraza takatifu la wazee, ambako maombi, sheria na siasa huamuliwa kwa ufasaha wa kusema. Kijana huingia utu uzima kwa asapan, tambiko la kumchoma ng'ombe dume kwa mkuki.

Huo ni mtaala kamili. Una walimu, una madaraja, una mitihani, na anayefeli hulala njaa. Shule ya kizungu ilipokuja haikukuta nafasi tupu. Ilikuta shule nyingine.

Dola yaingia na daftari

Wageni wa kwanza kuijua vizuri Karamoja walikuwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Mwishoni mwa karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka Pwani ilikuwa imeweka kituo Manimani, na wengine walishuka kutoka Ethiopia wakiwa na bunduki za kubadilishana. Mwaka 1911 serikali ya Uganda iliwafukuza wafanyabiashara hao, ikalifunga eneo na kuliweka chini ya wanajeshi. Utawala wa kiraia ulianza mwaka 1921.

Hivyo kwa Mkaramojong wa kawaida sura ya kwanza ya serikali ilikuwa ya askari. Ya pili ilikuwa ya chifu wa kuteuliwa, mtu ambaye mila haikumtambua, aliyetumwa kuhesabu watu na kuwapeleka kwenye kazi za kulazimishwa. Mwaka 1923 chifu mmoja wa aina hiyo, Achia wa Wapian, aliuawa na watu wake mwenyewe huko Nabilatuk. Hasira ile ndiyo inayoeleza mengi yaliyofuata. Katika nchi isiyoandika, aliyekuwa akiandika ni mtu wa serikali, naye aliandika ili achukue: ng'ombe, nguvu kazi, na mwishowe vijana wa jeshi la King's African Rifles.

Shule zilikuja kwa mkono wa wamisionari. Waanglikana walijenga Lotome mwishoni mwa miaka ya 1920, na mapadri Wakatoliki wa Verona wakaanza Kangole mwaka 1933. Walifanya kazi ya moyo katika mazingira magumu, na wasomi wa mwanzo wa Karamoja walitoka mikononi mwao. Lakini shule zenyewe zilikuwa chache na zilikaa mahali pamoja, huku watoto wakihama. Mtoto aliyekwenda ilibidi ayaache mazizi, akae bweni, ale na kuvaa kama watu wengine. Familia iliyompeleka ilijua imempoteza mchungaji, na mara nyingi ilimpeleka yule ambaye zizini angeweza kukosekana.

Serikali nayo haikuwa na haraka. Kwa kipindi kirefu mgeni hakuingia Karamoja bila kibali maalumu. Nchi ilifungwa, kisha wenyewe wakalaumiwa kwa kubaki nyuma.

Bunduki na njaa

Uhuru wa mwaka 1962 haukubadilisha sana mtazamo huo. Serikali ya Idi Amin, iliyoshika madaraka mwaka 1971, ilitumia askari kuwalazimisha Wakaramojong kuvaa nguo, na watu waliuawa kwa ajili ya mavazi. Kwa mara nyingine, "maendeleo" yalifika yakiwa yameshika bunduki.

Mwaka 1979 askari wa Amin walikimbia na kuiacha kambi ya jeshi ya mji wa Moroto pamoja na ghala lake la silaha. Wamatheniko waliingia wakachukua bunduki. Wizi wa mifugo, ambao zamani ulikuwa wa mikuki na wenye miiko yake, ukageuka vita. Mwaka uliofuata ukame na uvamizi vilikutana, na njaa ya 1980 ikaua watu wengi mno, hasa watoto wachanga. Ng'ombe walipoisha, familia nyingi hazikuwa na pa kushika.

Njaa ile ilibadilisha hesabu ya wazazi. Kama mifugo yote inaweza kwisha kwa msimu mmoja, basi mtoto mmoja au wawili wenye njia nyingine ya kuishi si hasara tena. Pia shule ilikuwa mahali penye chakula. Hadi leo mahudhurio ya Karamoja hupanda na kushuka pamoja na uji na maharage ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani; chakula kikichelewa, madawati hubaki wazi. Wapo wanaolibeza jambo hilo. Mimi naona ni mzazi mwenye akili, anayemweka mtoto mahali atakapopata mlo.

Hayo ndiyo yaliyotangulia tambiko la 1995. Wazee walioifukua kalamu walikuwa wameona bunduki ikishindwa kulinda na ng'ombe wakishindwa kutosha. Walitengua laana kwa namna ileile ilivyowekwa, kwa kikao na kwa dua, na kwa kufanya hivyo waliwapa wazazi ruhusa ambayo hakuna waziri angeweza kuitoa.

Darasa chini ya mti

Mwaka 1997 Uganda ilitangaza elimu ya msingi bila ada, mwanzoni kwa watoto wanne katika kila familia. Nchi nzima madarasa yalifurika. Karamoja hayakufurika, kwa kuwa ada haikuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo kilikuwa saa mbili asubuhi, wakati ambao mwalimu anamtaka mtoto na ng'ombe wanamtaka pia.

Ndipo mwaka 1998 serikali, ikishirikiana na shirika la Norway la kuwahudumia watoto, Redd Barna, ikaanzisha mpango wa elimu mbadala ya msingi kwa Karamoja, unaojulikana kwa kifupi kama ABEK. Tofauti yake ilianzia kwenye ratiba. Watoto walisoma alfajiri kabla ya kupeleka mifugo malishoni, na wengine jioni baada ya kurudi. Darasa lilikuwa mti uliopo karibu na manyata, ubao umeegemezwa kwenye shina. Hapakuwa na sare. Msichana aliyekuwa na mdogo wake mgongoni alikaribishwa pamoja na mdogo wake. Walimu, waliokuwa wakiitwa wawezeshaji, walichaguliwa kutoka jamii ileile, wakapewa mafunzo na kurudi kufundisha kwa Kikaramojong.

Mtaala nao ulianza na yale ambayo watoto tayari waliyajua: ufugaji, kilimo, mazingira, afya, amani na usalama. Herufi na hesabu viliingia kwa mlango huo. Mtoto anayejua magonjwa ya ng'ombe kwa macho alijifunza kuyaandika. Wazee waliruhusiwa kuketi na kusikiliza, na mara nyingine kufundisha. Baadaye baadhi ya wawezeshaji walizifuata kambi zenyewe zilipohama.

Watoto walijitokeza kwa maelfu. Watu walewale waliosemwa kwa vizazi viwili kuwa wanachukia elimu walikaa juu ya mawe kabla jua halijachomoza ili wasome. Kwangu mimi hilo lilimaliza ubishi.

Deni lililobaki

Ila ABEK haikufika mwisho wa safari. Iliundwa iwe daraja la kumvusha mtoto hadi shule ya kawaida, na upande wa pili wa daraja mambo yalikuwa yaleyale: shule iko mbali, inataka sare na vitabu, inafundisha kwa Kiingereza, na kengele yake haijui mvua wala ukame. Wengi waliovuka walirudi. Wawezeshaji walilipwa posho ndogo, na wafadhili walipopunguza mkono, serikali za wilaya hazikuwa na fedha za kubeba mzigo wote.

Wakati huohuo ardhi ya utulivu ilikuwa ikitikisika. Operesheni ya kukusanya silaha ilianza mwaka 2001 kwa hiari, kisha ikawa ya nguvu, hasa kuanzia 2006. Kwa miaka kadhaa ng'ombe walilazwa kando ya kambi za jeshi, na wachungaji pamoja nao. Amani ilirejea, barabara zikajengwa, watoto wengi zaidi wakaenda shule. Kisha uvamizi ukaanza upya mwaka 2019. Mwezi Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Uviko-19, na Uganda haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Masomo yaliyotolewa redioni na kwenye televisheni hayakuwa na maana kubwa kwenye manyata isiyo na redio wala umeme. Wasichana wengi waliozwa kabla milango haijafunguliwa. Watoto wengine, hasa wa wilaya ya Napak, wamekuwa wakionekana kwa miaka wakiombaomba kwenye mitaa ya Kampala. Nao wanajifunza, ila somo hilo hakuna mzazi angelichagua.

Suala hili haliishii Karamoja. Waturkana upande wa pili wa mpaka ni ndugu zao kwa lugha na kwa ufugaji, na mwaka 2019 Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walikutana Moroto kutia saini makubaliano ya amani na maendeleo ya pande hizo mbili. Wamaasai wa Kenya na Tanzania wanaijua vema shule inayodai mtoto akae mahali pamoja huku mifugo ikihama. Kote huko swali ni lile lile, na jibu limeshajaribiwa mbele ya macho yetu.

Shule ya nchi kame inahitaji mwalimu aliyezaliwa huko na anayelipwa mshahara wa mwalimu kamili, si posho. Inahitaji ratiba inayofuata msimu, na mabweni yenye chakula kwa watoto ambao familia zimehama. Inahitaji lugha ya nyumbani katika miaka ya mwanzo, na njia ya wazi kutoka chini ya mti hadi sekondari na chuo. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilojulikana wizarani. Yamebaki bila kufanyika kwa sababu watu wachache waliotawanyika kwenye nchi kubwa wana kura chache, na kila mtoto wao hugharimu zaidi kumfundisha kuliko mtoto wa mjini. Lakini katiba zetu hazikuandika kwamba haki ya kusoma hupimwa kwa msongamano wa watu. Wazee wa Karamoja walitimiza sehemu yao mwaka 1995, kwa kikao na kwa dua. Sehemu iliyobaki ni ya serikali, nayo inapimwa kwa bajeti.