Tofali, Chuma na Miaka 48

Wengi mnaniuliza nyumba za huku Los Angeles zinahimili vipi matetemeko. Leo nawapa historia kidogo.

Tarehe 10 Machi 1933, karibu saa 12 jioni, tetemeko lilipiga Long Beach, kusini ya hapa. Watu zaidi ya 100 walikufa na shule nyingi za matofali ziliporomoka. Bahati nzuri watoto walikuwa wameshatoka. Mwezi mmoja tu baadaye ikapita sheria ya kujenga shule imara, na majengo mapya ya matofali bila nondo yakapigwa marufuku.

Na ya zamani je? Mwaka 1949 Los Angeles iliamuru vile vikuta vinavyozidi paa upande wa barabarani viimarishwe au vitolewe. Jengo zima likangoja hadi 1981, ndipo wenye majengo kama 8,000 wakatakiwa waimarishe au wabomoe. Miaka 48!

Siri yenyewe si kubwa. Ukuta wa tofali hubeba mzigo vizuri, ila ukitikiswa huachana na paa, ukaangukia nje. Basi fundi hupitisha vyuma ukutani na kuvifunga kwenye boriti za sakafu na za paa. Ukipita mtaani unaona vibamba vyake vimejipanga ukutani.

Nyie wa Bukoba hamjasahau tarehe 10 Septemba 2016. Tusingoje miaka 48 jamani. Anayekarabati nyumba, kwanza aulize fundi: kuta na paa vimeshikana? Rangi baadaye.