Habari za Kisu na Jiwe la Kunolea katika Nchi ya Waluba

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, mna habari fupi ambayo wengi wetu huipita upesi, tukikimbilia habari za vita. Twaambiwa kwamba siku zile katika nchi yote ya Israeli hapakuwa na mhunzi hata mmoja, kwa sababu Wafilisti waliogopa Waebrania wasije wakajifulia panga na mikuki. Basi mtu ambaye shoka lake halikati, au jembe lake limekuwa butu, alikuwa hana budi kushuka kwa adui zake ili wamnolee, tena kwa malipo. Malipo hayo yaliitwa pim. Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua maana ya neno hilo, mpaka yalipochimbuliwa huko Palestina mawe madogo ya mizani yenye neno hilo juu yake. Jiwe moja lapata uzito wa karibu gramu 8. Hiyo ndiyo fedha aliyotoa mkulima ili kupata makali ya jembe lake mwenyewe. Na siku ya vita ilipofika, katika watu wote waliokuwa pamoja na Sauli na Yonathani, hakuonekana mwenye upanga ila wao wawili.

Tumeanza na habari hiyo ya mbali kwa sababu yatufundisha jambo moja: mtu aweza kuwa na chombo chake mkononi, lakini kama makali yake yapo katika mikono ya mwingine, chombo hicho si chake kabisa. Leo twataka kuangalia jambo hilo hapa kwetu Kamina na katika nchi yote ya Haut-Lomami, tukianza na wahunzi wa kale, tukimalizia jikoni kwa akina mama.

Wazee wetu hawakuhitaji kushuka kwa Wafilisti. Mashariki ya Kamina, katika bonde la Upemba, mto Lualaba unapita kati ya maziwa mengi. Moja la maziwa hayo ni Kisale, na kando yake kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na mwaka 1958 wataalamu wawili, Jean Hiernaux na Jacques Nenquin, walichimba pale wakakuta makaburi mengi ya watu wa kale. Tangu mwaka 1974 mtaalamu mwingine, Pierre de Maret, aliendelea na kazi hiyo katika sehemu nyingine za bonde. Ndani ya makaburi yale mlikuwa vyungu vizuri, mapambo ya shaba, na vyombo vingi vya chuma: visu, majembe, mashoka, mikuki na ndoana za kuvulia samaki. Makaburi mengi ya namna hiyo ni ya karne ya 10 hata ya 13. Mengine ni ya zamani zaidi. Katika kaburi moja la Kamilamba, la kati ya karne ya 8 na ya 10, marehemu aliwekewa shoka la heshima, na karibu na kichwa chake fuawe la chuma, yaani kile kitu ambacho mhunzi huweka chuma juu yake ili akipige.

Fikirini maana ya jambo hilo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa bonde hili walimzika mkubwa wao pamoja na chombo cha mhunzi. Na desturi ya kumheshimu mhunzi haikuishia hapo. Simulizi za Waluba zasema kwamba mwindaji Mbidi Kiluwe alikuja kutoka mashariki na ustaarabu mpya, na mwanawe Kalala Ilunga, aliyemshinda Nkongolo, akakaa Munza, mahali penye mawe ya chuma. Katika sherehe za kumsimika mfalme wa Waluba mlikuwa na ishara ya kupiga fuawe. Hata vibanio vya chuma walivyochomeka wanawake katika nywele zao vilifanywa kwa umbo la fuawe. Nasi tunaosema Kiswahili tumezoea kwamba nyundo ni chombo cha kupigia. Kwa Waluba neno nyundo lilikuwa pia jina la fuawe lile lile la mfalme.

Je, kisu cha siku zile kilipatikanaje? Kwanza walitafuta mawe yenye chuma, wakachoma miti kupata makaa. Kisha walijenga tanuru ya udongo, wakapanga humo makaa na mawe, wakavukuta mchana kutwa. Moto ule ulifika joto la digrii 1,200 hivi. Lakini chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538, kwa hiyo hakikutoka kama maji. Kilitoka kama donge lenye matundu, lililochanganyika na takataka za mawe. Mhunzi alilipiga donge hilo likiwa jekundu, tena na tena, mpaka takataka zikatoka na chuma kikashikamana. Ndipo alipokivuta kiwe kirefu, akakipa umbo la kisu, akauponda ukingo wake uwe mwembamba.

Kazi ya mhunzi iliishia hapo, na kazi ya jiwe ikaanza. Ukingo uliopondwa ni mwembamba, lakini bado haupati. Ni lazima usuguliwe juu ya jiwe pamoja na maji. Na kazi hii ya jiwe ni ya zamani kuliko chuma chenyewe. Kaskazini ya nchi yetu, huko Uele, yameokotwa mashoka ya mawe mazito yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa, na juu ya miamba ingali inaonekana mifereji iliyochimbwa na mikono ya watu waliokuwa wakisugua. Hata lugha zetu zashuhudia. Mswahili asema kunoa. Mbemba asema ukunola. Na neno hilo moja lasikika, likigeuka kidogo kidogo, katika lugha nyingi za Kibantu. Neno lililoenea hivyo laonyesha kwamba babu zetu walikuwa wakinoa kabla ya kutawanyika katika nchi mbalimbali.

Sasa tuje kwenye badiliko kubwa. Mwaka 1918 njia ya reli kutoka kusini ilifika Bukama. Mwaka 1928 ilimalizika ile sehemu inayopita hapa Kamina kwenda mpaka Ilebo, ambao siku zile uliitwa Port-Francqui. Kwa njia hiyo bidhaa za Ulaya zilipata mlango mpana: majembe, mapanga, masufuria, na visu. Mtu aliyehitaji jembe aliona kwamba aweza kulipata dukani kwa fedha kidogo, wala hana haja ya kungoja siku nyingi za kuchoma makaa na kuvukuta. Tanuru za kuyeyushia chuma zikazimika moja baada ya nyingine. Wahunzi wenyewe hawakwisha. Waligeukia vyuma vikuukuu, kama zile resori za magari zinazobeba uzito wa mizigo, wakavifua kuwa visu na majembe. Lakini ile elimu ya kutoa chuma katika jiwe ilizeeka pamoja na waliokuwa nayo, ikazikwa pamoja nao.

Hatusemi kwamba biashara ilikuwa mbaya, wala hatumlaumu mzee aliyenunua jembe la dukani. Jembe lilikuwa jema, nalo lilimpunguzia jasho. Twasema tu kwamba elimu ya miaka elfu moja yaweza kupotea katika muda wa maisha ya mtu na mwanawe, kama hakuna anayefundishwa.

Kumbe, baada ya tanuru kuzimika, sehemu moja ya kazi ile ilibaki nyumbani, nayo ni kunoa. Kisu chaweza kufuliwa mbali sana, lakini makali hayadumu. Kila kisu, hata kiwe cha thamani gani, kitakuwa butu katika nyumba ya mwenye nacho, na hapo ndipo kitakaponolewa au kitakapotupwa. Kwa hiyo mama anayenoa kisu chake kando ya jiko anashika kipande cha mwisho cha kazi ya wahunzi wa Upemba.

Lakini je, kipande hicho kitabaki? Twaona katika nyumba nyingi za mji wetu kisu ambacho hakikati nyanya bila kuiponda. Mama hukata vitunguu kwa nguvu za mkono wote. Samaki mkavu wa Kinkondja hupasuliwa kwa kupigwapigwa. Kijana wa nyumbani akiambiwa anoe, hukisugua kisu mara mbili tatu juu ya ukingo wa saruji, huku na huku, kisha husema, «Kisu hiki ni kibovu, tununue kingine.» Fedha ya kununulia daftari la mtoto huenda sokoni kwa kisu kipya, nacho baada ya majuma machache kitakuwa kama kile cha kwanza. Tena kisu butu huumiza watu kuliko kikali. Kikali huingia mahali unapokielekeza. Butu hutaka nguvu, na mkono uliotia nguvu ukiteleza, kidole ndicho kinachokatwa.

Wengine husema visu vya siku hizi havinoleki kama vile vya zamani. Neno hili lina ukweli kidogo. Visu vingi vya sokoni ni vya chuma kisichoshika kutu. Mmoja wa waliokivumbua ni Harry Brearley, mtu wa Sheffield katika Uingereza, mwaka 1913. Chuma hicho huchanganywa na madini yaitwayo kromi, sehemu 10 na nusu kwa mia au zaidi. Kromi hukinga kutu, lakini huenda ikakifanya chuma kiwe kigumu kusuguliwa na jiwe laini. Hata hivyo chanoleka. Kinataka jiwe lenye chembe kali zaidi na saburi zaidi.

Basi tueleze namna ya kunoa, ili asiwepo wa kusema hakufundishwa.

Kwanza, tafuta jiwe. Jiwe la kunolea la dukani ni jema, hasa lenye upande mmoja wa chembe kubwa na upande mwingine wa chembe ndogo. Usipokuwa nalo, chagua jiwe la mchanga lililo sawasawa, lenye chembe ndogo. Hata sahani ya udongo mweupe yaweza kusaidia: igeuze, na ule mviringo wa chini usiong'aa utumie kama jiwe. Ukingo wa saruji hufanya haraka, lakini hula chuma na kuacha meno.

Pili, lowesha jiwe kwa maji, uliweke juu ya kitambaa kibichi lisicheze. Maji huchukua unga wa chuma ili usizibe matundu ya jiwe.

Tatu, angalia mwinamo, maana hapo ndipo wengi hukosea. Usikilaze kisu kabisa, wala usikisimamishe. Kama bapa la kisu lina upana wa sentimeta 3, mgongo wake uinuke kama sentimeta 1 juu ya jiwe. Shika mwinamo huo huo tangu mwanzo hata mwisho.

Nne, sukuma kisu polepole juu ya jiwe, ukianza karibu na mpini na kumaliza kwenye ncha. Fanya hivyo upande mmoja mpaka upande wa pili wa ukingo upapase kama una uzi mwembamba wa chuma. Papasa kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usipapase kwa kufuata urefu wa makali. Uzi huo ukisikika toka mpini mpaka ncha, geuza kisu, ufanye vivyo hivyo upande wa pili.

Tano, maliza kwa chembe ndogo, ukipunguza nguvu, mara moja upande huu, mara moja upande huu. Kisha vuta kisu juu ya mkanda wa ngozi wa zamani, mgongo ukitangulia, ili uzi ule uondoke. Osha kisu, ukaushe, ujaribu kukata nyanya. Kikiingia chenyewe, kazi imekwisha.

Twaongeza maonyo mawili. Usikitie kisu motoni ili kukilainisha, wala usikisugue kwenye gurudumu kavu la mashine mpaka chuma kigeuke rangi ya samawati. Joto huondoa ugumu ambao mfuaji alikitia, na makali hayatakaa tena. Pia usikatie juu ya sahani au jiwe, tumia ubao.

Wale vijana wapitao mitaani wakinoa visu vya watu kwa malipo wafanya kazi ya halali, nasi twawaheshimu. Mwenye kisu kilichomegeka sana na awapelekee. Lakini kisu cha kila siku kisingojee mpita njia, kama vile mkulima wa Israeli alivyongoja.

Wahenga walisema, «Mwana wa mhunzi asipofua huvukuta.» Sisi wana wa wahunzi wa Upemba, wengi wetu hatufui wala hatuvukuti tena. Kunoa twaweza. Basi Jumamosi jioni, kabla ya kutayarisha chakula cha Dominika, baba au mama alete jiwe na bakuli la maji, amwite mtoto mmoja aliye na umri wa kutosha, wa kiume au wa kike, amwekee kisu mkononi na kumwonyesha mwinamo. Juma lingine anoe mtoto mwenyewe, na mzazi akae karibu akimtazama.